Kinyago na Mwenyewe

"Kinyago ukichonge mwenyewe, kikutishe?" Methali hii tumelelewa nayo, na kila mtu wa pwani ajua pa kuitumia. Huambiwa kijana aliyeinuliwa na watu kisha akawapandishia mabega waliomwinua. Huambiwa mtawala anayewasahau waliomtawaza. Maana yake haina kificho: aliyekitengeneza kitu anakijua ndani na nje, hawezi kukiogopa. Hata hivyo, kila niikumbukapo hunijia shaka kwamba aliyeitunga hakupata kukaa Newala. Huko, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, mchongaji aliyekata mti kwa shoka lake na kuutoboa macho kwa patasi yake, husimama uwanjani siku ya ngoma pamoja na wenziwe akakiogopa kinyago chake, au akaonyesha kwamba anakiogopa. Baina ya kuogopa na kuonyesha kuogopa ndipo ilipo habari yote ninayotaka kuieleza.

Nianze na mahali penyewe. Masasi iko chini, imezungukwa na vilima vya mawe vilivyochomoza kila kimoja peke yake. Sisi wa visiwani tuna undugu nayo ambao si aghalabu kuukumbuka. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yuleyule aliyezikusanya hadithi za Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa akielekea upande wa Nyasa. Kundi likatua Masasi na kujenga kijiji. Mwaka 1882 Wangoni, ambao huko waliitwa Magwangwara, walikivamia kijiji hicho na kukitawanya, na baadhi ya wamisheni wakapata hifadhi Newala kwa Matola, mkuu wa Kiyao. Newala iko mashariki ya Masasi, ukingoni kabisa mwa uwanda. Mtu akisimama pale huliona bonde la Ruvuma limelala chini yake na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Juu hakuna mito. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka genge na kulipanda tena na mitungi kichwani, na kazi hiyo iliwachukua sehemu kubwa ya siku. Nalitaja jambo la maji kwa sababu watu waliochagua kukaa mbali na maji hivyo walikuwa na sababu ya kukaa mbali na watu pia: misafara ya watumwa na mashambulizi ya bondeni. Kujificha, kwa Mmakonde wa uwandani, hakukuwa mchezo. Kulikuwa ni namna ya kuishi.

Na katikati ya watu hao waliojificha, kuna anayejificha zaidi yao.

Upande wetu wa Ruvuma ngoma hiyo hujulikana kwa jina la midimu, na kinyago chake hufunika uso. Ng'ambo, Msumbiji, huitwa mapiko, na kinyago chake, yaani lipiko, huvaliwa kichwa kizima kama kofia, mchezaji akaona kupitia tundu la mdomo. Huchongwa kwa mti mwepesi, hutiwa nywele za mtu za kweli, na juu ya mashavu huwekwa nta ya nyuki kuigiza chale ambazo Wamakonde walichanja nyusoni mwao. Mwili wote wa mchezaji hufungwa nguo, hata vidole visionekane. Wapo wanaocheza juu ya miti mirefu, na yupo mwingine ambaye huvaa kifuani na tumboni ubao uliochongwa matiti na mimba, uitwao njorowe; mwanamume huyo hucheza uchungu na uzito wa mjamzito mbele ya wanawake waliozaa. Hapo msomaji asidhani kwamba wanawake wale hawakuwa na la kusema juu ya uigizaji wake.

Mtoto wa kiume huambiwa tangu akiwa mdogo kwamba kile si mtu. Ni mzimu, ni mfu aliyefufuka akaja kijijini kwa sababu wari wanatoka jandoni. Akikiona hukimbia, na mama yake hukimbia naye. Kisha siku yake hufika. Hupelekwa kumbini porini, hutahiriwa, hukaa huko na wenziwe akifundishwa na wakulungwa, na kabla ya kutoka huonyeshwa siri kubwa kupita zote. Kinyago huletwa mbele yao. Mahali pengine mwari hulazimishwa kupambana nacho, mtoto aliyedhoofika kwa jeraha na usingizi mchache, apigane na mfu. Kisha kinyago huvuliwa. Nyuma yake kuna uso unaotoka jasho, na uso huo ni wa mtu anayemjua: jirani, mjomba, pengine ndiye aliyemkimbiza mwaka jana mpaka akajikwaa.

Waandishi waliozieleza ngoma hizi, kuanzia Jorge na Margot Dias waliokaa na Wamakonde wa Msumbiji na kuchapisha vitabu vyao tangu 1964, hawakosi kuitaja saa hiyo. Kwangu mimi, uzito wake haumo katika kuvuliwa kwa kinyago. Umo katika lile linalofuata. Mtu yule aliyevuliwa hatolewi nje akachekwa. Hapigwi wala hafukuzwi kijijini kwa kuwa alikuwa mwongo. Kinachofungwa ni kinywa cha aliyemwona: tangu leo yeye naye ni mlinzi wa siri, na akiwaambia wanawake au wasiotahiriwa atapata adhabu ambayo zamani ilikuwa kali mno. Kicheko kipo, sihitaji kusimuliwa na mtu. Mtoto aliyetetemeka miaka kumi kwa kumwogopa mjomba wake atacheka, na wakubwa watamcheka yeye. Lakini kicheko hicho hubaki kumbini. Hakiendi uwanjani.

Je, wanawake hawakujua? Walijua. Ni nani mke asiyeijua miguu ya mumewe? Mwanamke aliyempikia mtu miaka ishirini anamjua kwa namna anavyokanyaga, hata akifungwa nguo guberi nzima. Walikimbia kwa sababu kukimbia ndiyo sehemu yao katika ngoma, kama vile kibwagizo kilivyo sehemu ya waitikiaji. Nao wana unyago wao, wenye siri zao, ambazo mwanamume aliyestaarabika hajifanyi kuzijua. Naiita heshima ya kutojua, na sijapata katika lugha nyingine ninazofasiri neno moja linaloibeba. Karibu nayo, kwetu, ni sitara. Ila sitara humfunika mtu aibu yake, na hii humfunika kazi yake. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, ng'ambo ya mto, wapo wanawake walioanza kucheza vinyago wenyewe, hadharani. Wanaume walinung'unika. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba akina mama wale walikuwa wamejifunza jana.

Ningependa kulikaza hili kwa sababu kinyago chenyewe si kipole. Ndicho kinachocheka. Wachongaji wa uwandani na wa ng'ambo walichonga Mwarabu mwenye ndevu, Mhindi mwenye kilemba, Mreno mwenye pua ndefu na kofia, askari, bibi wa Kizungu. Wakavivaa na kuvichezesha, watu wakavunjika mbavu. Ngoma ile iliyomficha mchezaji ilimfichua mgeni: mwendo wake, majivuno yake, jinsi anavyohesabu fedha. Mchekaji mwenye uso uliofunikwa anaweza kumcheka mwenye bunduki. Katika miaka ya vita vya ukombozi, 1964 hadi 1974, wakimbizi wengi wa Kimakonde walivuka Ruvuma kuja upande wetu, na walikuja na vinyago vyao na dhihaka zao.

Na sisi watu wa pwani tulifanya nini? Tulicheka pia, lakini tuliwacheka wao. Mmakonde aliyekuja visiwani kufanya kazi mashambani alikuta uso wake umekwisha kuwa mzaha. Chale za mashavuni, meno yaliyochongwa, ndonya katika mdomo wa mama mtu mzima: hayo yalitosha kumfanya mtoto wa mjini amnyooshee kidole. Tulimwita mshenzi, sisi ambao lugha yetu ilikuwa imekwisha kulipokea neno unyago kutoka kwa bara hilihili, na neno kinyago lililotoka shina moja nalo, na methali tukaitia neno hilo katikati. Mmakonde hakuwa na la kujificha nalo. Asili yake ilikuwa imeandikwa usoni kwa kisu. Ndipo naona kwa nini watu wenye nyuso zilizoandikwa hivyo ndio walioupandisha ufundi wa uso wa pili hadi ulipofika.

Katika mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa vimekwisha kuzimwa katika nchi hiyo kwa moto na njaa, Mjerumani Karl Weule kutoka makumbusho ya Leipzig alipanda kutoka Lindi hadi Masasi na Newala. Alikuwa amekusudia kwenda Kondoa Irangi, vita vikambadilishia njia. Alibeba mashine ya kunasa sauti na kamera ya picha zinazocheza, akalindwa na askari, akakusanya vinyago na kuvisafirisha kwao. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908. Mwaka uliofuata kikatoka kwa Kiingereza, na mfasiri wake si mwingine ila Alice Werner, yule ambaye baadaye alikuja kutuhaririia na kututafsiria utenzi wa Mwana Kupona. Na padri wa UMCA aliyeandika mwaka 1944 juu ya jando la Wamakonde alikuwa Lyndon Harries, ambaye mwaka 1962 alitoa kile kitabu kikubwa cha ushairi wa Kiswahili ambacho wengi wetu tulikikopa maktaba tukachelewa kukirudisha. Wapenzi wa mashairi tunawajua wawili hawa kwa Lamu na Mombasa. Njia yao ilipitia Newala na Masasi, na nadhani haikuwa bure: aliyekwisha kujifunza kwamba kinachosemwa uwanjani na kinachojulikana kumbini ni vitu viwili hatalisoma fumbo la Muyaka kwa haraka.

Hapohapo Masasi, Padri Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo tangu 1926, alijaribu kuanzia mwaka 1913 kulitia jando ndani ya Kanisa: kumbi likabaki, mafundisho yakabaki, sala na baraka zikaingizwa, na yaliyoonekana hayafai yakaondolewa. Wanahistoria wamelijadili sana jaribio lake. Mimi namsifu kwa jambo moja tu. Wamisheni wengi wa zama zake waliona kazi yao ni kumvua mtu kinyago mbele ya mkewe na wanawe, wamwambie, "Tazameni, ni fulani bin fulani, mmedanganywa." Yeye aliona kuwa kumbi haliharibiwi na mgeni bila watoto kubaki nje kwenye baridi.

Nirudi pwani, kwa jamaa zangu washairi, maana sisi nasi tuna midimu yetu. Twaiita lakabu. Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923 na kufungua kurasa zake kwa mashairi, watunzi wameingia uwanjani wakiwa wamejifunika majina, wakatupiana mafumbo, wakatambiana, wakajibizana kwa vina vilevile, na wasomaji wakakisia nani ni nani. Katika malumbano ya namna hii kukisia ni halali. Hata kumzomea mwenye lakabu kwa mizani iliyovunjika ni halali, kwani amekuja mwenyewe uwanjani na lakabu yake haikumwombea huruma. Kinachoharibu ngoma ni yule ambaye, akishindwa kumjibu mwenziwe kwa beti, huenda kutafuta anakaa mtaa gani. Huyo ameuacha ushairi; anafanya kazi nyingine.

Kazi hiyo nyingine tunaijua. Mwaka 1968 nchini Kenya ulisambazwa waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, usio na jina la mwandishi. Serikali haikuhangaika kujibu swali lililoulizwa. Ilihangaika kujua nani kauliza. Ilipompata, alikuwa kijana wa Mombasa wa miaka ishirini na kitu, Abdilatif Abdalla, naye akafungwa hadi 1972. Gerezani aliandika kwa siri mashairi yaliyotoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mara hii jina lake likiwa limeandikwa wazi juu ya jalada.

Kuna wengine ambao hawakuwa na serikali ya kuipinga, walitaka tu kukubaliwa. Wamakonde waliokwenda kusini mwa pwani ya Kenya tangu zama za ukoloni, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Kwale, walizaa na kuzikana huko bila nchi yoyote kuwaita wake. Bila kitambulisho hakuna kazi ya halali, na polisi akikusimamisha njiani huna la kumwonyesha. Wapo waliojiandikisha kwa kabila la jirani, wakawa Wadigo katika karatasi. Hicho nacho ni kinyago, kimechongwa kwa wino. Mzee mwenye chale usoni akikivaa atamdanganya nani? Karani anayetaka kumcheka anamcheka, anayetaka kumtoza anamtoza. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kuitaka haki yao, wakiwa ni Wamakonde kwa jina lao. Rais Uhuru Kenyatta akaagiza waandikishwe, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Sijui habari nyingine ya watu waliojivua wenyewe mbele ya mkutano wote, bila kumbi na bila mkulungwa, wakashinda.

Limebaki la biashara, nalo lina kichekesho chake. Tangu watalii na wakusanyaji walipokipenda kinyago cha Kimakonde, soko lilizaa vinyago vilivyochongwa wiki iliyopita vikakaushwa juu ya moshi na kupakwa udongo ili vionekane vya kale. Wanunuzi wa Ulaya wakawa wapelelezi. Hukigeuza kinyago, hukichungulia ndani, hutafuta alama za jasho na mahali pa kufungia nguo. Swali lao ni moja: "Kimechezwa?" Kisichochezwa kwao ni bandia, wala hakina bei. Fikiri basi: kile ambacho uwandani ilikuwa ni marufuku kukisema kwa sauti, kwamba ndani ya kinyago kile kulikuwa na mtu akitoka jasho, ndicho kilichokuwa hati ya uhalali wake katika mnada. Mzimu wa kweli, kwa hesabu yao, ni ule uliothibitika kuwa ni mtu.

Wapelelezi hao hao, ingawa walikuwa hodari wa kunusa jasho, hawakunusa kitu kingine. Mwaka 1984 majumba ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, yaliingiliwa na wezi. Kati ya vitu vilivyochukuliwa palikuwa na lipiko moja la Kimakonde pamoja na vitu vingine 16. Mwaka uliofuata lipiko hilo lilinunuliwa na makumbusho ya watu binafsi ya Barbier-Mueller, Geneva. Likakaa huko na jina jipya la umiliki, likiwa na heshima zake zote katika kabati la kioo, mpaka mwaka 1990 mtafiti wa Kiitalia, Enrico Castelli, alipolitambua kwamba ni lile la Dar es Salaam. Kwa hiyo kinyago nacho kilivuliwa kinyago.

Mtu angetazamia kwamba siku ile ile lingefungwa katika sanduku na kurudi. Lilichukua miaka ishirini. Barua zilikwenda na kurudi. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, likaingia kati. Mwaka 2006 Tanzania ikaipeleka kesi mbele ya kamati ya UNESCO inayohusika na kurudisha mali za utamaduni. Hatimaye, Mei 2010, mjini Paris, mkataba ulitiwa saini na lipiko likakabidhiwa kwa Watanzania. Na mkataba huo, msomaji, haukuitwa wa kurudisha mali iliyoibwa. Uliitwa wa zawadi. Makumbusho ya Geneva yaliitunukia Tanzania kitu cha Tanzania.

Nimesikia wenzangu wakikasirika kwa neno hilo, na hasira yao naielewa. Mfasiri huhesabu maneno kama mwuza dhahabu, na "zawadi" hapa imepimwa kwa mizani mbovu. Ila nikilitazama kwa macho ya uwandani, naona wale waliokaa mezani Paris walifanya kama walivyofanya wanawake wa Newala: kila mmoja aliijua miguu ya mwenziwe, na hakuna aliyeitaja. Tofauti ni kwamba wanawake wa Newala walimstahi mtu aliyewachezea. Sina hakika kama Geneva ilikuwa imemchezea mtu yeyote.

Lipiko limerudi lilikoibiwa, katika nyumba iliyoko mtaa wa Shaaban Robert. Huyo naye, tuliyemvika taji la ushairi wa Kiswahili, wazee wake walikuwa Wayao, watu wa upande uleule wa kusini. Akazaliwa Tanga mwaka 1909, akajiita Mswahili, na maisha yake yote akaulizwa na wasiomjua jinsi Mwislamu alivyopata jina la Robert.